Nani Anaharibu Gokati la Fabi

Jumamosi, 1 Juni

Nimewarudisha wageni hotelini mchana, nimeosha gari, nimekwenda uwanjani moja kwa moja na sare ya kazi. Fabi alikuwa ameshavaa helmeti. Ana miaka saba. Ikikaa kichwani, mtu anaona helmeti kwanza, mtoto baadaye.

Alianza vizuri. Kona ya kwanza, ya pili, anageuza usukani bila kuchelewa. Halafu gokati, kigari chake cha mashindano, likazima katikati ya uwanja. Lemayan, fundi wetu, akakuta waya wa plagi umechomoka. Amesema ni mtikisiko.

Mtikisiko. Niliushika waya ule mwenyewe jana. Ulikuwa umebana.

Jumatatu, 3 Juni

Baridi. Ukungu umekaa mpaka karibu na mchana, watu wa hapa Rhotia wamevaa makoti mawili mawili. Sina safari leo.

Dada yangu mkubwa, Regina, amepiga simu kutoka Arusha. Kocha mmoja wa gokati wa kule atakuja Karatu tarehe 22 kuangalia watoto wetu wakishindana. Anataka kuchukua mtoto mmoja amfundishe kwenye uwanja wa lami, na mtoto lazima akae Arusha, asome hukohuko. Regina anasema kitanda kipo, shule iko jirani. Niliongea naye muda mrefu, simu nimeibana begani, mimi na Fabi tunachambua maharage. Nimemwambia Regina kwamba Fabi akishinda atakwenda, hakuna mjadala.

Bura sijamwambia. Mume wangu ni mtu wa shamba, na hata injini ya gokati alinipa kwa shingo upande. Ilikuwa ya pampu aliyokuwa anamwagilia nayo vitunguu Mang'ola. Atasema mtoto bado mdogo. Nitamwambia Fabi akishashinda.

Mimi nilishika usukani nikiwa mtu mzima, kwa kuomba. Nilipoanza kuendesha watalii, madereva wenzangu walinitolea upepo kwenye matairi asubuhi ya safari, wakakaa pembeni kucheka. Mwanangu ataanza kabla hawajajifunza kumcheka.

Jumapili, 9 Juni

Baada ya misa tumekwenda uwanjani. Gokati limewaka, likakohoa, likafa. Lemayan amefungua tangi, akamimina kwenye kopo. Maji chini, petroli juu.

Petroli nilinunua mimi. Dumu nililikausha mimi.

Gokati tunaliacha kwenye banda la Massawe, kwa sababu uwanja ni wake, uko nyuma ya hoteli yake. Mwanawe Brayani ana gokati la bluu lililoagizwa nje, tairi mpya, kila kitu. Watoto wanaokimbia hapa ni wachache na wote wanajua kwamba mshindani wa Brayani ni mmoja tu. Yule mwenye injini ya pampu.

Wakati naondoka nimemwona Lemayan na Massawe wamesimama nyuma ya banda. Massawe anaongea, Lemayan anaangalia chini. Waliponiona wakanyamaza.

Sijapenda.

Jumatano, 12 Juni

Safari ya kreta, kwenye hifadhi, wageni wanne. Simba amelala barabarani, magari yamepanga foleni, wageni wanapiga picha. Mimi nafikiria banda la Massawe. Mgeni mmoja ameniuliza jina la ndege nikamtajia ndege mwingine kabisa. Nimejirekebisha. Aibu.

Lemayan anafanya kazi yetu tangu mwanzo. Fremu aliichomelea yeye, kwa mabomba ya kitanda cha zamani. Fabi anamsalimu kwa kumwinamia kichwa amguse, kama watoto wa kwao Malambo wanavyosalimu wakubwa. Mtu kama huyo anaweza kununuliwa? Mtu yeyote anaweza kununuliwa. Nimeona mengi kwenye kazi hii.

Jumamosi, 15 Juni



Fabi alikuwa anatoka kona ya mwisho, amekanyaga mafuta, cheni ikaachia. Ikajisokota kwenye ekseli ya nyuma. Gokati likageuka, likaenda kujibamiza kwa ubavu kwenye matairi ya ukingoni. Nilikimbia. Sikumbuki kukimbia. Nakumbuka tu nimeshamtoa na mdomo wake una damu.

Mdomo umepasuka kwa ndani. Kifundo cha mkono kimevimba. Daktari anasema hakuna mfupa uliovunjika. Fabi hakulia. Alikuwa ananiangalia kwa macho makubwa, kama ananisubiri niseme kitu.

Kile kipini kidogo kinachofunga cheni hakipo. Hakikuvunjika, hakipo. Hakuna kipande hata kimoja kwenye vumbi, na nimetafuta kwa magoti.

Mtu amekitoa.

Jumapili, 16 Juni

Nimemfukuza Lemayan.

Nilimkuta bandani anaweka cheni nyingine. Massawe alikuwepo, wafanyakazi wake wa hoteli walikuwepo, na wazazi wawili. Nilimwuliza Lemayan, Massawe anampa nini. Akauliza ampe kitu kwa ajili ya nini. Nikasema mbele ya wote kwamba yeye ni nyoka, anakula kwangu na anamuumiza mwanangu.

Lemayan alifuta mikono kwa kitambaa.

"Mama Fabi," akasema, "mimi nimemshika huyu mtoto tangu hajajua breki iko mguu gani."

"Ndiyo maana unajua pa kumuumizia," nikamwambia.

Akaweka spana chini. Spana ni zake. Ameziacha zote, akaenda zake. Jioni nimesikia amepanda gari kurudi kwao.

Mtu asiye na hatia angejitetea. Najiambia hivyo.

Jumanne, 18 Juni

Gokati liko nyumbani sasa. Tumelileta kwenye pikapu ya shemeji. Nimeliweka stoo, nimefunga kufuli jipya. Ufunguo mmoja uko shingoni mwangu pamoja na rozari, wa pili anao Bura kwa sababu mahindi yake yako humo. Dirisha la stoo ni dogo, mtu hapiti.

Cheni nimefunga mwenyewe. Nimeweka kipini kipya, nikakipiga picha kwa simu.

Fabi anakula kidogo. Kifundo kimepungua uvimbe. Nimemwuliza kama anaogopa gokati. Amesema hapana. Nimemwamini, maana anapolipita analigusa usukani.

Ijumaa, 21 Juni

Nimerudi safari, nimefungua stoo, nimewasha gokati ili kesho lisitusumbue. Likakohoa vilevile. Nimemimina kwenye kopo.

Maji.

Lemayan yuko Malambo. Massawe hajawahi kukanyaga kwangu. Kufuli halijaguswa.

Nimekaa juu ya gunia la mahindi. Nimehesabu watu wenye ufunguo. Ni wawili.

Bura aliporudi shamba sikumpa hata nafasi ya kunawa. Nimemwambia kama hataki mtoto wake akimbie aseme kwa mdomo, asimtilie maji kama mchawi. Nimemwambia alitaka mtoto afe ili yeye arudishiwe pampu yake. Nimesema hivyo. Nimeandika hapa kwa sababu nimesema.

Bura ameniambia, kwa Kiiraqw, lugha yake, kwamba tangu kocha huyu atajwe mimi siulizi tena habari za mtu yeyote ndani ya nyumba hii. Kumbe alishajua habari za kocha. Massawe alimwambia.

Ametoka kwenda kwa kaka yake. Fabi alikuwa mlangoni, amesikia yote.

Nimesafisha tangi. Nimejaza petroli upya. Sasa sijui namwogopa nani.

Jumamosi, 22 Juni

Siku ya mashindano.

Jua limetoka mapema, mara ya kwanza wiki hii. Nilikuwa jikoni nachemsha chai. Kutoka pale naona ubavu wa stoo. Nikaona miguu miwili imening'inia kwenye dirisha dogo, soksi za shule, halafu haipo. Imeingia ndani.

Sikupiga kelele. Nilikwenda taratibu, nikafungua kufuli.

Fabi alikuwa amepiga magoti kando ya gokati. Mfuniko wa tangi uko chini, vizuri, juu ya kitambaa, kama Lemayan alivyomfundisha. Mkononi ana chupa yake ya maji ya shule. Aliponiona hakuificha. Mdomo tu ulianza kutetemeka pale ulipopasuka.

Niliketi chini. Nilikuwa na hasira kubwa, na ilikuwa haina pa kwenda.

"Fabi. Ni wewe?"

Akatikisa kichwa, ndiyo.

"Na cheni?"

"Waya ulichomoka wenyewe. Cheni nilijua itakataa kwenda tu. Sikujua itaniangusha."

Nikamwuliza kwa nini. Nilijua atasema anaogopa. Nilishaandaa maneno ya kumtia moyo.

"Nikishinda nitakwenda kukaa kwa mama mkubwa," akasema. "Ulimwambia kwenye simu. Ulisema hakuna mjadala."

"Kwa nini hukuniambia hutaki?"

Alifikiri kweli, kama mtu aliyeulizwa hesabu.

"Mjadala ni nini?" akauliza.

Nikamweleza. Nilipata shida kumweleza.

Akasema anapenda gokati. Anapenda sana. Ila anataka kulala hapa, na baba, na mbwa, na mimi nikirudi safari. Akauliza kama Lemayan ameondoka kwa sababu yake. Nikasema hapana, kwa sababu yangu. Hapo ndipo alipolia.

Hatukwenda uwanjani. Saa ya mashindano ilipofika, tulikuwa kwenye ngazi ya mlango, ameniegemea. Injini zilisikika kwa mbali, kama nyuki kwenye mzinga wa jirani.

Mchana Massawe amepiga simu kuuliza kama mtoto anaumwa. Kocha amemchagua Brayani. Nimempongeza. Nikamwuliza kuhusu ile siku nyuma ya banda, alikuwa anamwambia nini Lemayan. Amecheka kidogo, kwa adabu. Alikuwa anamwomba awe fundi wa Brayani. Lemayan alikataa, alisema ana mtoto wake mmoja tayari.

Jumapili, 23 Juni

Nimekwenda kwa shemeji kumfuata Bura. Nilimkuta anapepeta maharage na wake wa kaka yake. Nimemwomba msamaha mbele yao, maana nilimtukana mbele ya mtoto. Hakusema mengi. Ameomba amalizie debe lile. Nilisubiri. Tukarudi kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma, Fabi katikati anarukaruka.

Nimempigia Regina. Amekasirika. Amesema nimemchezea. Ana haki.

Jumatano, 26 Juni

Malambo. Nimechukua pikapu, Bura na Fabi wamekuja. Tumepanda mlima kupitia msitu, tumepita ukingoni mwa kreta kwenye ukungu, tumeshuka upande wa pili kwenye jua kali na vumbi. Njia nzima naijua kama mwongoza watalii. Leo sikuwa na cha kumweleza mtu.

Lemayan tulimkuta kisimani ananywesha ng'ombe. Amevaa shuka. Sijawahi kumwona bila ovaroli, macho yangu yalimpita mara ya kwanza.

Fabi akaenda mbele, akainamisha kichwa. Lemayan aliweka mkono pale, akauacha muda mrefu kuliko kawaida.

Nilimwambia yote. Kwamba aliyeharibu alikuwa mtoto, na kwa nini. Kwamba nilimwita nyoka mbele ya watu na nitakwenda kulifuta neno hilo mbele ya watu walewale. Sikulia. Nilitaka, nikaona si haki nimpe na kazi ya kunibembeleza.

Alimalizia kunywesha ng'ombe waliokuwa birikani. Kisha akasema:

"Kilichoniuma si nyoka. Ulisema namuumiza huyu."

Mama yake Lemayan ametupatia chai ya maziwa. Nilirudisha spana zake, zote, nimezipaka mafuta. Alizipokea. Nilimwomba arudi. Amesema ng'ombe kwanza, wanapelekwa kuogeshwa, kisha ataona.

Njiani kurudi Bura ameendesha. Mimi nimekaa pembeni. Sikumsahihisha gia hata mara moja.

Jumapili, 30 Juni

Nimesimama uwanjani kabla watoto hawajaanza. Wafanyakazi wa hoteli, Massawe, wale wazazi. Nimesema nilimsingizia Lemayan, na aliyeharibu gokati si yeye wala mtu yeyote wa pale. Sikumtaja Fabi. Mzazi mmoja akauliza, sasa nani? Nikasema ni jambo la nyumbani. Najua watasema ni Bura. Bura amesema waache waseme.

Jumamosi, 6 Julai

Lemayan amekuja kwa gari la asubuhi. Amemsalimu Fabi, amemsalimu Bura, mwisho amenisalimu mimi. Amefungua tangi, akanusa, akafunga. Hakuna aliyecheka, lakini Bura aliangalia pembeni.

Uwanja haukuwa na mtu mwingine. Brayani yuko Arusha. Fabi amezunguka peke yake, polepole, halafu kwa kasi, halafu polepole tena kwa sababu alitaka kuona kunguru waliotua kwenye kona. Mara mbili nilifungua mdomo kumwambia akate kona ndani zaidi. Nikaufunga.

Petroli imemwishia upande wa mbali. Akashuka, akaanza kulisukuma. Nimekwenda tukasukuma pamoja. Ni zito kuliko nilivyodhani. Hakuniuliza amekimbia vipi. Alikuwa ananieleza habari za kunguru.