Salamu Aliyoikataa Baba

Dar es Salaam
9 Machi 1975

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, mafua tu, nayo yanaisha. Ulezi unaendeleaje? Goti lako bado linakusumbua?

Mama, nimechaguliwa! Mashindano ya mashua za matanga ni mwezi wa tano, na timu ya bandari imenipa usukani. Wenzangu wote wamezaliwa pwani. Mimi Mfipa, niliyekuja huku sijui hata kuogelea! Lakini upepo nauelewa. Kupepeta ulezi na wewe kulinifundisha kuungoja.

Mwambie baba nimechuchumaa, nampigia makofi ya kumwamkia, kama desturi yetu.

Mwanao,
Kalisti

Mwimbi
6 Aprili 1975

Mwanangu Kalisti,

Marahaba. Sisi wazima, ila goti linalia mvua ikikaribia. Usicheke mwandiko wangu, darasa letu la watu wazima ndiyo kwanza limefika kwenye sentensi ndefu.

Salamu nilizifikisha. Baba yako akasema, "Anisalimie akitoka majini." Basi. Akachukua jembe akaenda shamba la kijiji. Unajua mwenyewe, tangu Ziwa Rukwa limchukue mdogo wake Fransisko pale chini Muze, hata samaki hali. Nawe ukachagua mashua!

Mimi pia naogopa, nisikufiche. Lakini shinda, mwanangu. Ukishindwa tutakuwa tumegombana bure humu ndani.

Mama yako,
Silvana

Dar es Salaam
25 Mei 1975

Mama,

Shikamoo. Mwili hauna neno, moyo ndio mgonjwa.

Tumeshinda, mama, tumekuwa wa kwanza! Ufukweni watu wanaimba "Mfipa! Mfipa!" Nikaitwa kupokea kombe. Mgeni rasmi, mzee mwenye mvi, akaninyooshea mkono. Sijui nilipatwa na nini. Nikachuchumaa, nikainamisha kichwa, nikampigia makofi taratibu, kama tunavyomwamkia mzee nyumbani. Mkono wake ukabaki hewani. Umati ukaangua kicheko, na mpiga picha wa gazeti akapiga papo hapo.

Sasa kila nikipita bandarini, watu wananichuchumalia na kunipigia makofi. Nahodha wa timu anasema nimewaaibisha. Nimeomba kuacha usukani, nirudi kubeba mizigo kama zamani.

Tafadhali, baba asilione hilo gazeti.

Mwanao,
Kalisti

Mwimbi
15 Juni 1975

Mwanangu,

Marahaba. Goti leo limenyamaza. Pole, ombi lako la gazeti limechelewa.

Tulikwenda Sumbawanga kununua chumvi kwa Mzee Bashiri. Loo! Picha yako kaibandika ukutani dukani, watu wamejaa, kila mmoja anadai wewe ni ndugu yake. Baba yako akajipenyeza hadi mbele. Akaitazama weee! Nikasema moyoni, leo ni leo.

Akavua kofia. Akapiga makofi, taratibu, akiitikia salamu yako. Akakutaja jina, akakuuliza hali kwa Kifipa, kwa sauti, kana kwamba umesimama pale. Hakuna aliyecheka.

Njiani nikamkumbusha kwamba bado hujatoka majini. Akanijibu, "Mtoto kaniamkia mbele ya nchi nzima, ningenyamaza vipi?" Machozi yalinitoka, Kalisti, sikuyaficha.

Anasema mizigo uwaachie wengine, urudi kwenye usukani. Na hao wanaokuchuchumalia uwaitikie tu, ni adabu.

Jana nilipika samaki, nikajua nitakula peke yangu kama siku zote. Baba yako akanawa mikono, akakaa.

Mama yako,
Silvana