Waliomwosha Shakila

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Daftari hili ni la vipimo. Kifua, kiuno, urefu wa mkono. Nimeanza kuandika kwa nyuma, kwenye kurasa tupu, kwa sababu sina wa kusema naye. Cherehani nimeshaisemesha vya kutosha, haijibu.

Siku kumi na sita leo. Binti yangu Shakila alizama Jumamosi ile ya tarehe 16 Agosti, kwenye piscine, bwawa la kuogelea la hoteli, hapa hapa Gitega. Miaka kumi na mitano. Walikwenda wasichana watano kupiga picha za harusi ya binti wa jirani. Picha zikaisha, wakaachwa waingie majini. Maji yalikuwa kijani kama mboga ya sombe, wenzake wote wanasema hivyo. Walimtafuta nje — bustanini, chooni, getini — nusu saa nzima. Kumbe yuko chini. Hakuna aliyeweza kuona chini.

Walimtoa saa saba. Kabla ya magharibi tulikuwa tumeshamzika. Ndivyo tulivyo, maiti hacheleweshwi, na siku ile nilishukuru kwamba hacheleweshwi. Hakuna aliyemwita daktari. Polisi walikuja Jumatatu, wakauliza mwili uko wapi. Tukawaonyesha njia ya makaburini!

Leo sokoni nimeambiwa hoteli inasema mtoto alikuwa na kifafa. Kifafa! Shakila hakuwahi hata kuanguka na baiskeli. Nimeacha vitunguu juu ya meza ya muuzaji nikarudi nyumbani. Nilikuwa nimeyapokea mapenzi ya Mungu. Kifafa sikipokei.

Twaha yuko Muyinga tangu siku ya nane. Ati kuangalia vipuri vya baiskeli, watu wa Giteranyi wanavitaka. Mume wangu anaomboleza kwa kuuza minyororo na pedali.

Jumatano, 3 Septemba

Nimekwenda kwa mwanasheria. Chama kimoja kinasaidia wasio na uwezo kila Jumatano, pale nyuma ya posta. Foleni ndefu, karibu wote ni mashamba na talaka. Mimi peke yangu na maji.

Anaitwa Maître Arielle. Mdogo, sauti ya chini, hakusema pole mara kumi kama wengine, nikampenda kwa hilo. Alinieleza njia zilizopo. Naweza kushtaki kwa parquet, ofisi ya mwendesha mashtaka, kwamba ni kuua kwa uzembe, na mimi nikaingia humo humo kama mdai. Naweza kuacha jinai nikaenda mahakamani kudai fidia tu. Au tukae mezani na hoteli na bima yake, kama bima ipo. Nikamuuliza ipi itakayoandika kwamba ni maji yaliyomuua, si ugonjwa. Akasema hiyo ya kwanza, nayo ndiyo ngumu.

Kisha akaomba cheti cha daktari. Sina. Akaomba ripoti ya polisi. Ipo ile ya Jumatatu tu, isiyo na mwili.

Nikamwambia pia kuhusu karatasi moja. Siku ya tatu ya matanga hoteli ilileta mchele na sukari, watu wazima watatu wenye suti, wakakaa kwenye mkeka kama wenzetu. Wakati wa kuondoka wakatoa karatasi ya Kifaransa, wakasema ni ya kuonyesha tumepokea pole. Abubakari, kaka mkubwa wa Twaha, akasaini. Twaha akasaini. Nani anasoma karatasi kwenye msiba? Maître Arielle ameisoma kopi. Imeandikwa kwamba familia imesamehe na haitadai. Anavyoona yeye, hainifungi mimi ambaye sikusaini, wala haimzuii mwendesha mashtaka. Lakini hoteli itaipeperusha kila mahali.

Halafu akasema bila ushahidi wa mwili, parquet inaweza kuomba kaburi lifukuliwe.

Niliposikia kufukua sikusikia tena mengine. Nilipokuwa mlangoni akaniita. Akauliza nani aliuona mwili kabla ya kuzikwa, akautazama vizuri. Nikamwambia: waliomwosha.

Alhamisi, 4 Septemba

Shule zinafungua karibuni. Iniforme ishirini na mbili zimenisubiri. Nimeshona nne. Ya tano ilikuwa na kifua cha Shakila na mkono wa Shakila, sentimita kwa sentimita, ya mtoto mwingine kabisa. Nimeiweka kando. Chakula sikupika. Nani ale?

Ijumaa, 5 Septemba

Asubuhi kaja Mkongomani mmoja, Zihalirwa, mtu wa Kivu ya Kusini, na suruali ya kupunguza. Nilipokuwa nampima akasema yeye ndiye aliyekuwa akisafisha piscine ile hadi mwezi wa saba. Pini zikanianguka.

Anasema dawa ya maji ilikwisha, akamwambia bosi, bosi akanyamaza. Anasema tena kule chini, upande wa kina, kifuniko cha bomba kilitoka. "Ile bomba inavuta, mama. Inavuta nguvu. Mi nilisema watu wasiingie, wakanifukuza." Nikamwomba aje kusema hayo kwa Maître. Akatazama chini. Yuko hapa kwa karatasi za ukimbizi, ana watoto wanne, hataki jina lake kokote. Sikumlaumu. Suruali nimempunguzia, nimekataa malipo, na yeye kakataa kukataliwa. Tumeachana hivyo, kila mmoja na haya yake.

Alasiri nikaenda kwa Mama Rachid. Ndiye mwosha maiti wetu hapa Nyamugari, mikono yake imewapitia nusu ya mama zetu. Siku ile mimi nilikaa kichwani, nikimwaga maji. Nilitazama uso tu. Nywele zake, kope zake. Yeye na wenzake ndio waliomwosha mwili wote hadi miguu.

Nikamuuliza kama aliona kitu mguuni, alama ya kuvutwa na bomba.

Alizungusha kikombe mpaka chai ikapoa. Akaniambia anachokiona mwosha kinabaki pale kitandani. Akikisema nje, nani atamwamini tena na maiti wake? Nikasema mimi ni mama yake! Akasema hata kwa mama. Hasa kwa mama.

Basi aliona. Asingeona angesema hakuna kitu.

Nimerudi nimeketi gizani, sitaki taa. Kuna mtu mtaa wa pili anayejua mwili wa mtoto wangu kuliko mimi, na amefunga mdomo kwa ajili ya dini ambayo mimi pia naifuata. Nimkasirikie vipi? Nimemkasirikia hivyo hivyo.

Jumapili, 7 Septemba. Muyinga

Nimefika saa tisa. Mafuta hakuna, teksi ya Probox ilitusubirisha tangu alfajiri, tukapakiwa tisa. Mama mmoja ubavuni akaniuliza nina watoto wangapi. Nikasema mmoja. Sikusema zaidi, naye akaniombea wa pili.

Twaha yuko kwa Abubakari. Amekonda, ndevu hazijanyolewa. Watu wa nyumba wakanipokea vizuri, ihangane, ihangane, yaani vumilia, wakanipa kiti kizuri, wakakaa mbali nami kama vile kufiwa kunaambukiza. Hapa wote bado wananiita Mama Shakila. Nilitamani waache, kisha nikaogopa wataacha.

Baada ya chakula nimesema nilichokuja kusema. Abubakari akajibu kwa niaba ya wote, kama kawaida. Kwamba waliokuja na mchele walikuja kwa heshima. Kwamba ukishakula cha mtu kwenye matanga, huendi kumshitaki. Kwamba ajali ni ajali na mwanamke hapeleki jina la ukoo parquet. Nikamwambia mchele huo mimi sikuuonja. Akacheka kidogo, akasema basi niende nikaulize waliokula.

Twaha alitoka. Nikamfuata uani, alikuwa amepindua baiskeli ya mtu, anazungusha gurudumu. Nikamwambia wanaweza kuomba kumfukua.

Gurudumu likasimama. "Wamufukue?" akasema. "Mama Shaki, mi nilimuweka mule kwa mikono yangu. Usinifanyie ile."

Nikasema: basi nisaidie kupata njia nyingine. Akaanza kuzungusha tena, gurudumu ambalo halikuwa na kasoro yoyote. Miaka kumi na minane nimeishi na mtu huyu, nikadhani najua kimya chake cha hasira na kimya chake cha uchovu. Hiki sikukijua.

Nimelala chumba cha wageni, na wasichana wa Abubakari. Wawili wa umri ule. Wananong'ona, wanacheka chini ya shuka, kisha wanakumbuka nipo.

Jumatatu, 8 Septemba

Gitega. Nimefagia nyumba nzima, hakukuwa na uchafu. Mtu mmoja hachafui.

Nikimshtaki mwenye hoteli, nimempoteza mume. Nisipomshtaki, mtoto wangu alikufa kwa kifafa. Hapo ndipo nilipo. Nimeandika ili nione kama ikiandikwa itakuwa ndogo. Haikuwa.

Alhamisi, 11 Septemba

Mama Rachid kaja mwenyewe! Hodi yake nimeijua, nikabaki nimesimama na mkasi mkononi.

Hakukaa. Kasema hajalala tangu Ijumaa. Amemuuliza shehe, shehe akamwambia kinachositiriwa ni aibu ya maiti, lakini dhuluma isifichwe, sasa apime mwenyewe. Amepima. "Ile kidonda si aibu ya mutoto," akasema. "Ni aibu ya mwenye maji. Nitasema. Lakini nitasema kwa yule bwana wa parquet tu. We utabaki nje. Ukiingia, mi nanyamaza."

Nikasema nataka kujua. Akanishika mkono, mikono yake ina harufu ya sabuni na karafuu sikuzote, akasema: "We ulibaki na uso yake. Baki nayo, mwanangu."

Nimelia mbele yake, kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Watu waliniambia nisilie kwa sauti, maiti anaumia. Mama Rachid hakuniambia hivyo. Alishika mkasi nisijichome.

Maître Arielle amefurahi kwenye simu, kisha akajizuia kufurahi. Anasema ushahidi wa mwosha una uzito, ila peke yake unaweza kuangushwa: mwanamke mmoja, rafiki wa familia. Akipatikana mwingine aliyeona, parquet huenda isihitaji kaburi. Wale wawili waliosaidia kuosha nimeshawatafuta. Mmoja alikuwa upande wa mgongo, hakuona. Mwingine amehamia Tanzania, simu haipatikani.

Malalamiko nimeyasaini leo. Jina langu, peke yake. Jumanne tunaitwa. Nimemtumia Twaha ujumbe, siku na saa. Ameusoma.

Jumanne, 16 Septemba

Naandika kwenye benchi la parquet, daftari juu ya goti. Ni mwezi mmoja leo.

Mama Rachid ameingia saa tatu na robo. Mlango umefungwa. Nasikia sauti yake, maneno siyasikii, anasema chini makusudi. Akinyamaza, nasikia karani akigonga kompyuta. Amegonga muda mrefu sasa. Mguu mmoja unaandikwa muda wote huo? Maître Arielle yuko ndani naye. Mimi mama mtu niko nje, nahesabu vigae.

Saa tatu na dakika arobaini. Twaha amekuja.

Peke yake. Viatu vimejaa vumbi, lazima aliondoka Muyinga usiku. Amekaa kwenye benchi hili hili, kaacha nafasi ya mtu kati yetu. Mkononi ana ile karatasi ya hoteli, ndani ya plastiki. Anasema Abubakari amemtuma aje awaambie familia imemaliza jambo hili. Nimemwambia sawa, waambie, mlango ule pale.

Hakuondoka. Kauliza nani yuko ndani. Nimesema Mama Rachid. Anasema nini? Sijui, hataki nisikie.

Amekaa. Anakunja plastiki, anaikunjua.

Kisha amesema, bila kuniangalia: "Ni mguu ya kushoto."

Nimeacha kuandika hapo. Sasa naandika tena kwa sababu sijui nifanye nini na mikono.

Anasema ndani ya kaburi yeye ndiye aliyefungua kamba za sanda. Ya kichwani, ya kiunoni, ya chini. Ile ya chini ilipofunguka nguo ikaachia, akaona kidonda. Akafunika haraka wengine wasione. "Siku ya tatu nikasaini," anasema. "Nilijua na nikasaini. Nilitaka watu watoke kwa nyumba. Nikakimbia Muyinga juu ya kuogopa macho yako."

Mwezi mzima! Wiki tatu nimekula peke yangu nikidhani hajali. Nataka kumpiga. Nataka akae hapa asiondoke. Sijamwambia lolote kati ya hayo, nimesogeza daftari tu, nafasi ya katikati imepungua.

Mlango umefunguliwa. Mama Rachid ametoka, kanipita, kanigusa bega bila kusimama. Afisa amesimama mlangoni na kalamu. Anauliza kama yuko mwingine wa familia mwenye la kusema.

Twaha amesimama. Karatasi bado iko mkononi mwake. Nimemuuliza anakwenda kusema lipi, la karatasi au la mguu. Ameingia nayo, na mlango umefungwa.

Karani bado hajaanza kugonga.