Santuri ya Mama na Sidii ya Dada Damari

Kinyangiri,
Jumapili, baada ya ibada.

Dada mpendwa Damari,

Shikamoo. Kwa heshima na taadhima, mbele yako na mbele ya ukoo wote, natangaza kwamba kitambaa cha meza ya sebuleni, kile cha maua mekundu, kimefuliwa. Baada ya tangazo hilo nakujulia hali wewe, shemeji Noel na watoto hapo Mwankoko. Sisi wazima. Baba anakula vizuri, ila macho yanazidi kufifia. Alizeti mwaka huu imekubali.

Nirudi kwenye ile sidii uliyotutumia pamoja na santuri yetu, baada ya kijana wa studio kuinakili. Unajua kwaya ya baba ilirekodi santuri moja tu maisha yake yote, na marehemu mama ndiye anayesikika juu ya wote. Basi sidii ilipofika nilimwita jirani yetu, Mwalimu Calist, awe shahidi. Tukapiga santuri kwanza, kisha sidii kwenye deki. Mwalimu akasema sidii imeshinda: sauti safi, kila neno linasikika, wala hakuna sindano inayokula wimbo kidogo kidogo. Nikamuunga mkono, maana mgeni hapingwi kabla hajamaliza chai.

Baba akauliza huyo kijana wako wa studio aliosha sauti kwa sabuni gani. Alisema kwenye santuri, kabla ya ubeti wa pili, mama anavuta pumzi. Kwenye sidii pumzi hiyo imeondolewa pamoja na mikwaruzo. Mwalimu akasema pumzi si sehemu ya muziki.

"Calist," baba akamjibu, "wewe mkeo yupo jikoni."

Mwalimu akamaliza chai yake, akaaga.

Tangu siku hiyo, kila Jumapili mchana baba alikaa barazani chini ya dirisha, nami ndani nikampigia santuri. Akishasikia ile pumzi aliitikia kwa kichwa mara moja, basi, wiki imemtosha.

Sasa unataka nikutumie santuri ili kijana ainakili upya bila kuiosha. Umeandika mara tatu, nami mara tatu nimekujibu habari za mvua, na mvua yenyewe haijanyesha. Kaa kwanza, dada.

Mwezi wa sita niliona santuri imejaa vumbi. Nikaiosha kwa maji na sabuni, kisha nikaianika juani kwenye turubai pamoja na alizeti. Kwetu kilicholowa huanikwa. Sikuona kwa nini wimbo usianikwe. Nilipoirudia saa nane ilikuwa imejikunja kama bakuli. Nikaificha uvunguni mwa kitanda cha baba, maana macho yake hayafiki humo.

Jumapili iliyofuata niliweka sidii. Nikachezesha alizeti kavu kwenye ungo, karibu na dirisha, zikwaruze kwaru kwaru, na kabla ya ubeti wa pili nikavuta pumzi mimi mwenyewe. Baba akaitikia kwa kichwa. Nimefanya hivyo Jumapili kumi na moja.

Leo wimbo ulipokwisha ameniita barazani.

"Simoni," akasema, bila ukali, "mama yako alivuta pumzi mara moja. Wewe unavuta mbili."

Nikakosa pa kuweka mikono. Halafu akaniambia nirudi ndani nianze upya, na safari hii nisiwe na haraka.

Nisamehe, dada, maana aliyekuwa anapumua pale alikuwa mama yako pia. Muulize yule kijana kama amebaki na nakala aliyoichukua kabla ya kuosha. Kama hana, usimwambie baba, nitaendelea kupumua.

Mke wangu Raheli anakusalimu, na watoto wanauliza utakuja lini. Mwalimu Calist hajatuma salamu, bado amenuna. Mungu awatunze hapo mlipo.

Ni mimi mdogo wako,
Simoni

Nyongeza: Usitume mtu kuifuata santuri. Kumbe baba aliikuta siku nyingi, alipokuwa akipapasa ndala zake uvunguni. Sasa kuku wanakula pumba humo. Kwa maji haifai, ina tundu katikati.