Nilimzaba Kofi Tu

Mama Asnath, shikamoo.

Naomba msaada wako hapo gazetini, lakini usidhani unaandikiwa na mnyonge, mimi Modesti wa Majengo hapa Sumbawanga nina bahati ambayo wenzangu wanaiota, nilishtakiwa kosa kubwa la kumvunja mtu meno, kosa la jela miaka, nikajitetea mwenyewe bila wakili na darasa langu hili hili la saba, na kesi nikashinda! Mimi si mshamba, mama, mpaka wa Zambia nimeuvuka mara nyingi kuliko wengine wanavyovuka barabara.

Sasa sikia dhuluma niliyofanyiwa. Binti yangu Justina amechumbiwa na kijana wa Chala, Elia, mtoto mzuri hana neno, mwenye neno ni baba yake mdogo, Cleophas. Alikuja dukani kwangu ninapouza mahindi na ulezi, nikampokea kama mkwe, soda nikamfungulia, naye mbele ya wateja akaliinua debe langu, akaligonga kitako, akasema, "Jamani, debe la mkwe limebonyea, hapa mnauziwa hewa." Mama, mfanyabiashara ukimwambia hivyo umemvua nguo sokoni. Nikamzaba. Akaenda polisi akasema nimemng'oa meno mawili!

Mahakamani akaja daktari wa meno, akaapa, akasema, "Mheshimiwa, meno hayo niliyang'oa mimi mwenyewe mwaka jana, yalikuwa yameoza." Watu wakacheka, nami nikaona nimalizie kwa mbwembwe, zamu yangu ilipofika nikasimama kifua mbele nikasema, "Mheshimiwa hakimu, huyu mzee ni mwongo, jino sijaligusa, nilimzaba kofi tu!" Hakimu akaandika. Siku ya hukumu akasema kosa la kusababisha madhara makubwa halikuthibitika, nikaanza kumpungia mkono mke wangu Salome, kumbe hajamaliza, akasema, "Ila kofi mshtakiwa amelikiri mwenyewe, kwa hiyo namtia hatiani kwa shambulio la kawaida." Akaniachia kwa sharti nisifanye kosa mwaka mzima.

Mama, nani alinishtaki kwa kofi? Hati ya mashtaka haina kofi! Wapi umeona mtu anadaiwa ng'ombe, ng'ombe akikosekana anakamatiwa kuku? Nikatoka pale nikaitangazia Majengo nzima kwamba nimeshinda, maana jela sikwenda na mwongo kaumbuka. Sasa ndugu wa Chala wametuma neno kwamba mzee wao amepigwa, kisha anaitwa mwongo sokoni, na ndoa ambayo imeshatangazwa kanisani haitafungwa. Justina hali, na shikamoo yangu anaipitisha kwa mama yake. Mimi nataka kukata rufaa hilo kofi lifutwe. Salome anasema nikikata rufaa nikatafute na binti mwingine wa kuoza. Nifanyeje?

Modesti, Majengo

*

Baba Justina, marahaba.

Nimecheka, kisha nimekasirika, na hasira ndiyo iliyobaki.

Pole kwa kusingiziwa meno. Ule ulikuwa uonevu, na mahakama imekuondolea. Lakini wewe muuza nafaka mzima hujui kwamba ndani ya debe mna sado, kile kikopo kidogo cha kupimia? Umeshtakiwa kwa debe zima la kipigo, ushahidi umejaza sado moja, na sheria inamruhusu hakimu kukupimia sado hiyo bila hati mpya, kwa sababu imo humo humo. Angekutia hatiani kwa wizi, ningekuja Sumbawanga mwenyewe kupiga kelele. Kofi siyo kuku, baba. Ni kipigo kile kile, kimepungua ukubwa.

Na sado hiyo nani alimpa hakimu? Wewe! Ulidhani hilo "tu" ni mlango wa kutokea. Mkwe wako, mtu mzima, mbele ya watu, kofi "tu"? Ungezabwa wewe ungesema "tu"?

Rufaa ni haki yako na ina muda wake, ukiitaka nenda kwa wasaidizi wa kisheria leo. Lakini huko juu utasema nini? Kwamba hukupiga? Umeshasema. Cleophas naye alidanganya, aibu yake anaijua, lakini kwa nini mnamwachia Justina aibebe?

Jumamosi panda gari uende Chala, wewe, Salome na mzee mmoja wa ukoo. Utani uache nyumbani. Simama mbele ya Cleophas useme, "Mkwe, nilikupiga," halafu nyamaza. Ukisikia "tu" inapanda kooni, imeze. Ukirudi Majengo, wale wale uliowatangazia ushindi watangazie upya. Na lile debe, lilibonyea au halikubonyea? Hukuniambia, nami nimeona hukuniambia. Linyooshe.

Mama Asnath

*

Jibu hili nilimtumia Modesti kabla ya kulichapa. Ujumbe wake wa simu ni huu:

"Mama nimetoka Chala. Nimesema 'nilikupiga', ile 'tu' imenikaba kweli nikaimeza. Cleophas akacheka na pengo lake, akasema, 'Na mimi mkwe, meno sikuwa nayo.' Harusi ipo. Justina kaniamkia kwa mdomo wake. Debe liko kwa fundi bati, usiniulize zaidi. Majengo nimeshaanza kuwaambia, lakini wewe una wasomaji wengi kuliko kelele zangu, kwa hiyo andika na hili, usilipambe: kesi sikushinda."