Fimbo Isiyong'aa

Jumatatu, 3 Machi

Daktari kasema. Si baridi, si vumbi la mbao, wala si "kifua cha kurithi" kama Kaka anavyopenda kuwatangazia watu. Ni klia. Ile rangi angavu ya kung'arishia magari, tunayoipuliza kwenye fimbo zetu za pool mpaka mteja anajiona meno. Mvuke wake ndio unaonibana, ndio unaofanya kifua kipige miluzi nikipanda ngazi.

Nikamwambia mbona navaa barakoa. Akasema hiyo inazuia vumbi tu, mvuke unapita kama mgeni mwenye funguo. Akauliza chumba cha kupulizia kina dirisha? Kinalo — tumeligongomea nailoni. Akanitazama. Ikabidi nieleze: klia ikiwa mbichi, punje moja ya vumbi ikitua juu yake, kazi imeharibika, unarudi kwenye msasa upya. Kwa hiyo tunaziba kila tundu, halafu tunajifungia humo humo na dawa. Miaka yote sikuwahi kuisema kwa sauti. Leo nimeisema, nikasikia ilivyo ya kipumbavu.

Niache dawa au niache kazi. Ndivyo alivyosema. Nimetoka pale nimefura, sijui hata nilimkasirikia nani.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwambia Kaka. Alikuwa kwenye mashine ya kukereza, hata hakuizima. Akasema mbona jambo dogo: mimi nihamie mbele dukani, niuze chaki na vile vingozi vya ncha ya fimbo, yeye atapuliza peke yake. Pale mbele kuna feni, akasema.

Feni! Mimi niliyefundishwa kukereza na Baba siku moja na yeye. Mimi ninayejua mti umepinda kwa kuuviringisha mezani na kuusikiliza. Leo nikapigwe feni nikiuza chaki — thubutu!

Nikamwambia: "Kazi siachi. Itakayoondoka ni dawa."

Akacheka. Wateja wananunua mng'aro, akasema, hawanunui kifua changu. Na mbona yeye anapuliza kila wiki na hakohoi? Akajipiga kifua mbele ya Mama, kwa mbwembwe. Mama alikuwa mlangoni anachagua mchele, akakitazama kifua kile, akarudi kwenye mchele. Mama akitazama hivyo ujue kuna jambo analipima.

Ijumaa, 7 Machi

Majaribio yameanza. Mafuta si ni mafuta? Nimechukua ya jikoni, nimepaka mpini mzima, ile nusu ya nyuma ya fimbo unayoikamata. Mbao imekunywa, rangi yake imetoka vizuri mno. Hakuna harufu, hakuna kukohoa. Nimelala nimejipongeza.

Jumatatu, 10 Machi

Mafuta si mafuta.

Siku tatu na bado yanateleza kama yamepakwa sasa hivi. Halafu yameanza kunuka karai la juzi. Halafu — sisimizi! Mstari mrefu, kutoka ukutani mpaka kwenye mpini wangu, wanakwenda na kurudi. Kaka aliwaona kabla yangu, na kwa roho yake nzuri akaita watu. Sasa mtaa mzima wanaiita fimbo ya sisimizi. Fundi viatu wa jirani kaniuliza kama inauzwa pamoja na wadudu wake.

Wacheke. Nimeshajua kimoja kisichofaa. Yeye Kaka amejaribu kipi?

Jumatano, 12 Machi

Muuza rangi kanifafanulia vizuri. Mafuta ya jikoni hayakauki hata uyasubiri mpaka uzeeke. Kuna ya mbegu za kitani, hayo hukauka yenyewe kwa hewa, yakawa kama ngozi ndani ya mbao. Yapo yaliyotiwa dawa za kuyaharakisha, na yapo matupu, ya polepole. Nikachukua matupu. Dawa nimeshachoka nazo. Na bonge la nta ya nyuki.

Jioni tukakaa kikao na Kaka. Kikao maana yake yeye anaongea na mimi nakataa. Mwisho tukapatana hivi. Kuna fimbo ya Kobe — mchezaji wetu mkubwa, tunamwita hivyo kwa sababu huizunguka meza taratibu mpaka mpinzani anatafuta kiti. Anaitaka kwa ajili ya mashindano ya mwezi ujao. Na ni Kobe huyo huyo anayelalamika kila siku kwamba nusu ya mbele ya fimbo zetu inagoma mkononi: kiganja kikitoka jasho, klia inanata, anabaki kujipaka poda kama mtoto mchanga. Basi hiyo nitaimaliza mimi, kwa njia yangu. Kobe akiirudisha, naenda kwenye chaki na nanyamaza. Asipoirudisha, klia inatoka humu ndani.

Nilimpa mkono kabla hajamaliza sentensi.

Jumamosi, 15 Machi

Ah, leo! Kwanza nimeing'oa nailoni ya dirisha la upande wangu wa karakana, maana nalo tulikuwa tumeliziba. Misumari nimeitupa ili mtu asipate wazo.

Nusu ya mbele sikuipaka kitu cha kuonekana. Msasa, halafu msasa laini zaidi, halafu ule ambao ukiushika unadhani ni karatasi tu. Baadaye kipande cha ngozi — kusugua, kusugua, mpaka mti unapata joto na unalia. Nikaupitisha juu ya vidole. Ulipita kama haupo.

Mpini nikaupaka kitani kwa kitambaa. Unapaka, unangoja, unafuta yote yaliyobaki juu, kesho unarudia. Nyuzi za mbao zilipanda zenyewe, nyekundu chini ya nyeusi, kumbe zilikuwepo muda wote tunazifunika kwa kioo cha gari. Vumbi likatua. Nikalifuta. Basi! Likatua tena, nikalifuta tena. Nilikuwa naimba na dirisha liko wazi, na nyimbo nimezimaliza bila kukata pumzi katikati. Sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini.

Kaka alipita, akausugua mpini kwa kidole gumba. Hakusema kibaya. Kwa Kaka hiyo ni hotuba.

Jumanne, 18 Machi

Karakana imetaka kuungua. Kwa mkono wangu.

Vitambaa vya mafuta nilivikunja, nikavisokomeza kwenye ndoo ya plastiki chini ya meza, pamoja na maranda ya mashine. Ndivyo tunavyofanya vitambaa vyote siku zote. Mchana tukaenda kula. Hakukuwa na jiko, hakukuwa na moto, hata umeme Kaka alikuwa ameuzima. Tunarudi, harufu. Ndoo imeyeyuka, vitambaa vinafuka katikati, mguu wa meza unawaka, na ule ubao mweupe tulioungoja ukauke tangu mwaka juzi umeanza kushika moto. Kaka alimwaga maji, mimi nilibeba fimbo ya Kobe. Ndiyo, niliokoa fimbo kwanza. Mama kaniona.

Kaka hakupiga kelele. Alikaa juu ya meza mbovu, kalowa, akaniuliza: "Hiyo ndiyo salama yako?"

Nimelia bafuni, na sioni haya kuandika.

Jumatano, 19 Machi

Nimeamkia kwa muuza rangi. Ati: kwani hukujua? Mafuta yale yakikauka yanatoa joto. Ukitandaza kitambaa, joto linakwenda na upepo. Ukikikunja, linajikusanya mle ndani mpaka linazaa moto. Kasema kwa utulivu, anakoroga rangi ya mtu. Angeniambia siku ile nilipokuwa nanunua, angepungukiwa nini? Nikamweleza hivyo hivyo. Akaniomba radhi, na dumu la kulowekea vitambaa kanipa bure.

Kaka anasema mambo yamekwisha, turudi kwenye klia. Nimekataa. Sijasema sikukosea — nimekosea, meza ni shahidi. Lakini kosa langu linarekebishika kwa kamba na upepo. La kwake linarekebishika kwa nini? Nikamuuliza. Akaenda kuwasha mashine.

Jumamosi, 22 Machi

Kamba nimeifunga uani, kutoka bomba la maji mpaka mlango wa stoo. Kila kitambaa peke yake, kimetandazwa, kimebanwa na vibanio vya Mama. Vikishakauka kavu na kuwa vigumu, navilowesha ndani ya dumu ndipo navitupa. Fundi viatu kauliza kama tumeanza kuuza nguo za ndani za mashetani. Nimemwambia aje achague saizi yake.

Jana Kaka alipuliza fimbo nne, chumba kimefungwa. Nilikaa barabarani mpaka alipomaliza. Alitoka macho mekundu, akasema ni vumbi.

Ijumaa, 28 Machi

Kobe kaja. Nilikuwa nimeshapaka nta, nimesugua mpaka mkono umekufa ganzi. Aliiweka fimbo mezani, akaizunguka. Naapa, aliizunguka! Akaziunga nusu zake mbili. Akaweka kiganja, akapitisha. Akapitisha tena, macho kafumba. Akauliza kuna nini hapa mbele. Nikamwambia hakuna kitu, ndiyo maana. Akafuta jasho la paji la uso kwa kiganja kile kile, makusudi, akapitisha tena. Haikugoma.

Kaondoka nayo kwapani. Kaka akasema subiri.

Jumapili, 30 Machi

Kobe karudi asubuhi. Na fimbo.

Ilivyo ni hivi. Nusu ya mbele haiguswi, kasema, mtu akiigusa watagombana. Jana kacheza mpaka watu wakachoka, poda hakuitoa mfukoni. Lakini mpini! Wenzake wamemcheka. Haung'ai, wanasema, unafanana na mpini wa jembe la babu. Basi anaomba upulizwe, wa nyuma tu, kidogo tu. Aliyasema akimtazama Kaka, mimi hakunitazama.

Sasa hapo karudisha au hajarudisha? Kaka anasema karudisha. Mimi nasema nusu. Na klia haishiki juu ya nta, itabanduka kama ngozi iliyochomwa na jua. Kaka anasema ataukwangua wote, ataanza upya. Wote! Zile nyuzi nyekundu! Kobe alipoona tunakoelekea akaiacha fimbo mezani, akasema atapita baadaye. Leo hakutembea kikobe.

Nikaichukua. Nikaenda kukaa kwenye mlango wa chumba cha kupulizia, kizingitini, mgongo kwenye fremu hii, miguu kwenye ile. Fimbo mapajani. Daftari lilikuwa kwenye mfuko wa aproni, ndiyo maana naandika hapa hapa, mwandiko unakwenda upande.

Kaka kasema nitoke mlangoni. Nimesema sitoki. Kasema si fimbo yangu. Nimesema kifua ni changu. Kasema basi niende nje, nani kanilazimisha kuivuta, yeye ndiye atakayeingia. Nikamwambia na yeye haingii. Hilo hakulitegemea, na kusema kweli hata mimi sikulipanga.

Akasema ngoja tuone. Kaenda nyuma kuchanganya. Anajua ninachojua: klia ikishatiwa ile dawa ya kukazia haingojei mtu. Anadhani nikiona kikombe tayari nitapisha kwa huruma ya mali.

Mama kaja na kigoda chake. Kakiweka kando yangu, hapo mlangoni. Sasa tumeziba wawili. Kanyoosha miguu.

Halafu tukasikia. Kutoka nyuma, karibu na bomba. Kikohozi. Kikavu, kirefu, na mwishoni kale ka mluzi. Nilidhani ni changu, nikashika kifua. Halafu bomba la maji likafunguliwa kwa nguvu.

Mama akasema polepole, "Kila asubuhi hivyo. Anafungulia maji nisisikie."

Nimeangalia fimbo. Sikuweza kumwangalia Mama. Hasira yangu yote ya mwezi mzima, sijui sasa niiweke wapi — lakini miguu sijaikunja. Nimeikaza zaidi.

Bomba limefungwa. Kaja. Kikombe mkono mmoja, kijiti cha kukorogea mkono mwingine, shati limelowa kifuani. Kasema, jamani, nipisheni, itaganda. Mama kasogeza kigoda kidogo, si kumpisha, kaacha nafasi ya mtu mmoja kati yetu, kaipiga kwa kiganja.

"Kaa, mwanangu."

Hajakaa. Hajaondoka pia. Anakoroga, anatutazama, anakoroga. Klia inaganda, kijiti kinaanza kuwa kizito.