Dirisha la mama mkwe limemlalia Henning

Imke, acha unachofanya. Kaka yangu nusura aharibu posa.

Si unajua leo alikuwa amwambie mama yake Wiebke, mchumba wake, kwamba wanaoana? Miaka miwili wako pamoja, na mama bado anamwita Bwana Harms.

Kafika tu, mama huyo: “Bwana Harms, tafadhali fungua dirisha lote, nyumba ipate hewa.” Nje theluji, lakini hewa lazima.

Dirisha lenyewe zito, la vioo viwili, lile la kuinama juu kidogo au kufunguka kama mlango, na lilikuwa limeinamishwa. Jamaa hakulifunga kwanza, akageuza kishikio hivyo hivyo. Kona ya juu ikachomoka, lote likamlalia kifuani.

Kioo kimemfika puani, anasema, “Hakuna shida, mama.” Hakuna shida, Imke.

Mama akaweka keki chini. Akaja, akaegemeza bega lake pale pale.

“Sukuma kona irudi kwenye fremu. Bonyeza kile kiulimi cha chuma ubavuni. Haya, geuza.”

Klak. Likakaa.

Henning anasubiri kufukuzwa.

“Wewe Henning,” mama akasema, “unafunga kwanza, mwanangu, ndipo unafungua.”

Mwanangu. Kasema mwanangu.

Jamaa bado kang'ang'ania kishikio: “Mama, mimi na Wiebke tunaoana.”

Mama akakaa chini. “Basi lifungue tena. Nataka hewa.”