Mfumo Mpya kwenye Kompyuta Uliyotuletea

Nyumbani kwa Mama Persida,
Mtaa wa Stesheni,
Negotin, Serbia.

27 Agosti 2025

Mpendwa Shangazi Slavojka,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku kwenye joto. U mzima? Miguu bado inavimba, au umekubali kupunguza kusimama jikoni mwa watu kama daktari alivyokukanya? Vienna nako kuna joto, au mnapata mvua?

Sisi hatujambo, ni kuchoka tu. Kalina anaota magego, halali mchana wala usiku, nami nimekuwa mtu wa kusinzia nimesimama. Kaka yako magoti yanamsumbua lakini mizabibu yake haiachi. Mama mkwe Persida ni mzima, anafunga mfungo wa Bikira Maria bila kukosa hata siku moja, na nyumba nzima ameifungisha. Nimekula maharage hadi nayaota.

Najua simu za kuonana nyuso huzipendi, unasema zinakufanya uonekane kama maiti, ndiyo maana nimekaa niandike. Nivumilie mwandiko. Kalina yuko mapajani na kalamu anaitaka yeye.

Kompyuta uliyotuletea nikiwa bado shuleni, ile uliyoifungasha katikati ya mablanketi kwenye basi, bado ninayo. Nilikuja nayo hapa nilipoolewa. Mwaka huu mzima nimesomea humo cheti cha ulezi wa watoto, maana darasani sikumaliza, unajua mwenyewe. Shule ya chekechea iliyo nyuma ya posta ina nafasi moja, na mama mkuu wa pale aliniambia nilete cheti kabla Septemba haijaisha.

Nikueleze na jambo ambalo sikumwambia mtu. Borko bado yuko Slovenia, anapigilia mbao za dari kwenye majengo ya watu. Anakuja Krismasi na Pasaka. Aliposafiri mara ya mwisho aliniambia, "Mmoja wetu akipata kazi ya kudumu hapo nyumbani, mimi huku sikai hata wiki." Neno hilo nimeishi nalo, Shangazi. Kalina humbusu baba yake kwenye kioo cha simu hadi kioo kinalowa mate, halafu baba mwenyewe akiingia mlangoni, mtoto analia na kujificha nyuma ya sketi yangu.

Sasa mtihani ulikuwa Jumatatu iliyopita, wa kufanyia nyumbani. Zikiwa zimebaki siku chache shule inayotoa cheti ikatuma taarifa kwamba kompyuta zenye mfumo wa zamani hazitaingia kwenye mtihani. Simu pia hairuhusiwi. Na yangu ndiyo ile ile, mfumo wake ni wa enzi zako. Nikikosa mtihani huu ni kungoja hadi majira ya baridi, na nafasi ya chekechea haiwezi kuningoja.

Nikamwita Ognjen, msimamizi wetu wa ndoa, yule wa kituo cha mafuta. Alikuja Jumamosi asubuhi, akaifungua na kuipuliza, likatoka vumbi la kutosha kupandia vitunguu. "Shemeji, kizee hiki kina pumzi fupi," akasema. Akaiongezea kumbukumbu aliyoichomoa kwenye kompyuta iliyokufa ofisini kwao. Picha zetu zote tukazihamishia kwenye flashi, kisha akachomeka flashi nyingine yenye mfumo mpya na kuuanzisha. Kabla hajaenda kazini akaniambia, "Itajizima na kujiwasha yenyewe, usishtuke. Usiiguse, na uiachie hewa."

Nikafungua dirisha la barabarani na la uani ili upepo upite juu yake. Kalina alikuwa analia toka alfajiri. Nikajilaza naye kidogo atulie, usingizi ukanibeba mimi kabla yake.

Mama mkwe akarudi kutoka sokoni na nyanya zake. Nawe unajua upepo wa kupitiliza unavyoogopwa huku. Mtu akiumwa shingo ni upepo, figo ni upepo, sikio la mtoto ni upepo. Akakuta madirisha mawili yako wazi na mjukuu wake amelala katikati. Akayafunga yote. Akaiona kompyuta inanguruma pale mezani, jua linaipiga, nzi wanatua. Akatoa kile kitambaa chake kizito cha sufu alichokifuma kwa mkono, kinachokaa juu ya televisheni, akakikunja mara mbili na kuifunika vizuri, kama unga uliokandwa. Kisha akaketi kuchambua maharage.

Kilichoniamsha ni ukimya. Kioo kilikuwa cheusi. Nikaweka mkono, ilikuwa ya moto kama mkate uliotoka tanurini.

"Mama, nani kaifunika?"

"Mimi. Nimeikuta uchi, na mtoto kalala kwenye upepo. Unataka masikio yake yaoze?"

"Imezimika, Mama."

"Imelala. Nayo imechoka, kama wewe."

Sikugombana naye. Nguvu za kugombana sikuwa nazo. Nilikaa sakafuni nikalia bila sauti, na Kalina akaja kunitia vidole mdomoni kunitazama meno. Mama akaniuliza kwa nini nalilia kijisanduku kama nimefiwa. Hapo ndipo nikamwambia. Bila hii hakuna mtihani, bila mtihani hakuna kazi, na bila kazi mwanao atazeekea kwenye dari za watu.

Kumbe hakujua. Alidhani masomo yangu ni ya kupotezea muda, mambo ya vijana. "Borko kasema hivyo? Kwa kinywa chake?" Nikamwambia ndiyo. Alikitoa kitambaa, akakikunja, akakiweka kabatini na kufunga.

Nikampigia Ognjen. Aliposikia alicheka hadi akakohoa. "Nani kaivika sweta mwezi wa nane, shemeji?" Alipoona sicheki, akaacha mzaha. Alikuwa zamu hadi kesho yake, hawezi kutoka. "Utaianza upya wewe. Mimi nitakuwa sikioni mwako."

Mimi, Shangazi, ambaye hata taarifa ya kawaida ikitokea kwenye kioo naifunga kwa hofu. Mtoto kiunoni, simu begani, na Ognjen ananiambia, "Washa, halafu bonyeza kile kitufe cha juu haraka haraka... ngoja, huyu anataka dizeli." Mara ya kwanza haikuiona flashi. Mara ya pili ikaiona, nami nikachagua pasipofaa. Tukarudi mwanzo. Ndipo ule mstari mwembamba ukaanza kutambaa.

Mama akainuka, akayafungua mwenyewe madirisha yote mawili. Akajifunga skafu ya baridi kichwani akaziba masikio, akaweka mto nyuma ya figo, akavuta kiti mpaka pale upepo unapopita.

"Mama, utaumwa. Nitakaa mimi."

"Masikio yangu yamekwisha sikia ya kutosha. Mpeleke mtoto chumbani ufunge mlango."

Akakaa pale na kipande cha boksi anaipepea, kama mtu anayempepea mgonjwa wa homa, na maharage yake hayajapikwa. Ilipojizima yenyewe ili iwake tena, aliinuka akafanya ishara ya msalaba na kuniita kwa kunong'ona, kana kwamba ingemsikia. Ikawaka. Jua lilipokuwa linashuka, mfumo mpya ulikuwa umekaa. Kamera ilitusumbua Jumapili nzima, Ognjen akaja kuitengeneza baada ya kutoka zamu, na picha zetu tumezirudisha.

Jumatatu nikafanya mtihani. Katikati, msimamizi wa mtihani aliuliza kwenye spika, "Huyo anayepita nyuma yako ni nani?" Nikageuka, Mama alikuwa anatambaa chini ya usawa wa meza na Kalina mgongoni ili wasionekane. Nikasema ni mama mkwe. Msimamizi akasema naye ana wake, tuendelee.

Majibu yametoka leo mchana. Nimepita. Alama si za kujivunia, lakini nimepita.

Nilimpigia Borko, alikuwa juu ya ngazi. Nikasikia mashine ya kutoboa, halafu ikanyamaza. "Sema tena," akaniambia. Nikasema tena. Akasema, "Namaliza ghorofa hii, halafu nafunga mzigo." Mimi sijaamini sana, nisikufiche. Kazi za kule haziachwi kwa siku moja, na ahadi za simuni nimezisikia nyingi. Nimechoka hata furaha inaingia polepole. Lakini inaingia.

Msalimie sana Mjomba Miodrag na watoto wote, na yule Milunka anayekuletea dawa. Kesho ni sikukuu ya Bikira, nitakuwashia mshumaa akuponye hiyo miguu. Mungu akulinde njiani na kazini.

Mama naye nilimwambia majibu. Alichukua kikapu akarudi sokoni kabla hakujafungwa, na saa hii ameingia na mtu wa mkokoteni, magunia ya pilipili hoho nyekundu, mara mbili ya yale ya mwaka jana. Nimemuuliza nani atakula ajvari yote hiyo, rojo ya hoho za kuchoma ya kutosha mtaa mzima. Amesema, "Mwenyewe anakuja," na kunituma nikatafute chupa zaidi.

Ndiye mimi, mtoto wa kaka yako, akupendaye kwa moyo wote,

Tijana